Niliitwa mwizi hapa Stockholm kwa sababu ya picha ya kukunja ya bibi wa Kijapani

Wakuu, shikamooni kwa wakubwa, na vijana mambo vipi.

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo mkiona nimeruka herufi msinisahihishe leo. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, si ya shoga yangu wala ya "jirani mmoja". Majina nimebadilisha, mengine yote ndivyo yalivyokuwa. Nikiongeza chumvi radi ya Tukuyu inipige, na wanaoijua radi ya kule wanajua haina mzaha.

Mimi ni mama wa watoto wawili, Mnyakyusa, naishi Tensta, pembeni ya Stockholm. Nilikuja kusoma, masomo yakaisha, ndoa ikaja, ndoa nayo ikaisha, mimi nikabaki.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Asubuhi unapita nyumba hadi nyumba: huyu unamwogesha, huyu unampa dawa, huyu unampikia uji. Kila nyumba ina dakika zake kwenye simu ya kazi, na kabla hujatoka unaandika ulichofanya.

Shikeni hilo la kuandika, maana ndilo lilitaka kunimaliza.

(Wale wa "umeenda Ulaya kuosha wazee" nawasalimu pia. Mama zenu nao watazeeka.)

Sasa, kati ya wazee wangu alikuwemo bibi mmoja Mjapani, tumwite Bi Setsuko. Anakaa Spånga, basi moja tu kutoka kwangu. Aliolewa na Mswidi miaka mingi iliyopita, mume akafariki, akabaki na mtoto mmoja wa kiume, mtu mzima mwenye mvi zake, anaishi Södertälje. Huyo tumwite Johan.

Johan alikuwa anakuja kumwona mama yake mara mbili kwa mwaka, Krismasi na katikati ya kiangazi. Södertälje, wakuu! Unapanda treni hata kahawa haijapoa umefika.

Mimi na yule bibi tulielewana. Kiswidi chake cha Kijapani na changu cha Kinyakyusa vilikutana katikati, na pale katikati tulicheka sana.

Siku moja mwezi wa kumi nimefika, nikakuta ukuta wa sebuleni ambao siku zote ulikuwa mtupu umetundikwa picha. Ndefu, nyembamba, karatasi iliyozungushiwa kitambaa cha hariri, chini ina kijiti cha mbao cha kuivuta inyooke. Hakuna fremu, hakuna kioo. Imechorwa kwa wino tu. Milima nyuma ya milima, katikati ukungu, chini kabisa kibanda cha nyasi na mzee mdogo kama punje ya mchele anavuka daraja na fimbo yake. Juu pembeni kuna maandishi.

Nilisimama na ndoo mkononi. Ule ukungu ulikuwa Tukuyu kabisa, asubuhi ya mwezi wa sita, Rungwe ikitokeza kidogo kidogo.

Nikamuuliza, "Bibi, hii ya Mchina?" Maana milima ya namna ile na maandishi yale nilishayaona kwenye kalenda za maduka ya Wachina Kariakoo.

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanieleza, taratibu, kwa siku kadhaa, kila nikimsugua mgongo kipande kidogo.

Aliyechora ni Mjapani, mtu wa mji wa kwao, zamani sana kabla babu yake hajazaliwa. Enzi zile wasomi wa Japani waliona uchoraji wenyewe umetoka Uchina, wakajifunza mtindo wa kule na maandishi ya kule, kama vile kwetu mtu anavyosoma Kiarabu cha kitabu bila kufika Uarabuni. Na kusafiri walikatazwa. Walijifunza kwenye vitabu vya picha vilivyoingia na meli, basi.

"Alichora milima ambayo hakuwahi kuiona," akaniambia. "Ndiyo maana aliiangalia vizuri."

Mimi nikamwambia binti yangu Neema kazaliwa hapa hapa, hajakanyaga Tanzania, lakini shuleni kila akiambiwa chora kwenu anachora Kilimanjaro. Mimi mwenyewe sijawahi kufika Kilimanjaro! Bibi akasema, "Basi Neema na mchoraji wangu ni ndugu."

Jambo jingine alilonifundisha ni kwamba picha ya namna ile haikai ukutani mwaka mzima. Ina msimu wake. Hii ni ya majani yanapopukutika, msimu ukiisha inashushwa, inakunjwa, inalala kwenye sanduku lake. Picha nayo inachoka, alisema.

Na kuikunja kuna adabu yake. Unaosha mikono, unakausha sawasawa. Hushiki mchoro, unashika ncha za kile kijiti. Unaanzia chini, unakunja polepole, hubani. Ukifika juu unaweka kipande cha karatasi ndipo unafunga uzi wake wa hariri, ili uzi usiache alama. Kisha kwenye sanduku la mti mwepesi lenye maandishi kifunikoni, juu ya kabati la mashuka.

Mwaka wa kwanza alinielekeza hatua kwa hatua. Mwaka wa pili vidole vyake vilikuwa havishiki vizuri tena, nikawa nafanya mwenyewe, yeye amekaa kwenye kiti anatoa amri kama afande.

Mwisho wa mwezi wa kumi na moja uliopita, jirani mmoja akawasha nyota ya karatasi dirishani, zile za kusubiri Krismasi. Bi Setsuko akaiona. Akasema, "Msimu umekwisha. Ishushe."

Nikaishusha. Nikakunja, nikafunga, nikaweka juu ya kabati.

Kwenye simu ya kazi nikaandika: bafu, uji, dawa.

Picha sikuiandika. Wakuu, hilo ni kosa langu na nalibeba. Kwenye orodha yetu hakuna "kukunja picha", na ningeandika bosi angeniuliza kwa nini dakika za wazee nazimalizia kwenye mapambo. Nikaona, ah, bibi mwenyewe yupo, kaniambia mwenyewe, nani atauliza?

Kesho yake asubuhi nikamkuta sakafuni. Kiharusi.

Niliita gari la wagonjwa, nikamshika mkono mpaka wakafika. Upande mmoja ulikuwa umekufa. Na kubwa kuliko, Kiswidi chote kilimtoka. Lugha aliyoitumia zaidi ya nusu ya maisha yake ikafutika, akabaki na Kijapani cha kwa mama yake.

Siku ya pili nilimpelekea sweta lake wodini, nikiwa kwenye muda wangu mwenyewe. Aliponiona akaanza kusema. Mimi Kijapani sijui hata neno la maji, lakini namjua mtu anayeongea na namjua mtu anayebwabwaja. Yule alikuwa anaongea. Anasema, anasubiri nijibu, anarudia polepole. Nikamwambia muuguzi. Akasema, "Mtoto wake amesema ni maneno tu yasiyo na maana, ni ugonjwa."

Nikanyamaza. Na hilo nalo linaniuma mpaka leo.

Ngojeni nishuke kwenye basi, naendelea.

...

Nimerudi. Naona kuna mkuu ameandika hapo chini, "sasa wewe ulishushia nini picha za watu?" Mkuu, soma vizuri. Niliambiwa na mwenye picha. Wewe bibi yako akikwambia shusha, unamjibu tuitishe kikao?

Haya.

Johan akaja Spånga kuchukua nguo za mama yake. Akaona ukuta mtupu, ndoano tu. Sasa kumbuka anakuja Krismasi na kiangazi, na kipindi hicho picha huwa iko juu ya kabati. Lakini siku hiyo ndiyo akakumbuka kwamba mama yake alikuwa na picha. Na mwenye ufunguo wa nyumba ni nani? Mwafrika.

Namba yangu ilikuwa pale kwenye friji, kubwa, bibi aliiandika kwa peni nyekundu. Hakunipigia. Alimpigia bosi wangu.

Bosi, tumwite Lena, akaniita ofisini. Kahawa mezani, keki ya mdalasini mezani, na sura ya msiba. Nikamwambia mara moja: iko juu ya kabati la mashuka, kwenye sanduku la mbao. Johan akaenda akaangalia. Akaikuta.

Mngedhani imeisha, sivyo? Mimi nilishaanza kuvaa koti.

Johan aliifungua, akaipiga picha, akaiuliza simu yake. Simu ikamwambia ni mandhari ya Kichina. Kesho yake akaja ofisini mwenyewe, kanisimamia mbele.

"Hii ni ya Kichina," akasema. "Ya mama yangu ilikuwa ya Kijapani. Ilikuwa na mlima mmoja, theluji kileleni, maua ya rangi ya waridi mbele. Nimekua nikiiangalia."

Nikamwambia, "Mama yako hajawahi kuwa na picha hiyo. Hii ndiyo yake. Mchoraji ni Mjapani, alifuata mtindo wa Uchina."

Akanitazama kama mtu anayesikia kuku akiongea. "Wewe ndiye utanieleza mimi sanaa ya Kijapani?"

Akasema nimebeba picha halisi, nikaweka feki niliyookota kwenye mitumba Skärholmen. Akataja polisi.

Wakuu, mimi nimetukanwa maisha yangu. Nimetukanwa na mawifi, nimetukanwa na wazee waliochanganyikiwa huku nikiwavisha soksi. Sijawahi kuumia vile. Mtu amekula na kukulia chini ya picha, hakuwahi hata siku moja kuinua shingo aiangalie, halafu ananiita mwizi mimi niliyeiangalia!

Na Lena, badala ya kusema "huyu nimefanya naye kazi miaka yote hii", akasema, "Tunaheshimu hisia za pande zote mbili." Kisha akafungua kompyuta. "Kwenye maandishi yako ya siku ile kuna bafu, uji, dawa. Hakuna picha."

Nikaambiwa nikae nyumbani mpaka jambo lieleweke. Ufunguo wa Bi Setsuko nikaurudisha mezani, karibu na ile keki.

Jumapili kanisani kwetu, pale tunaposali Kiswahili, habari ilishanitangulia. "Pole dada," huku macho yanakwenda kwenye mkoba wangu. Mmoja, tena tumekula naye ubwabwa kwangu, kanitumia meseji: "Ila tuambie ukweli tu, ulichukua?" Kazi hii ukishapewa jina la mwizi hakuna nyumba itakayokufungulia mlango, Stockholm nzima. Johan na Lena walikuwa wameshika mkononi jina langu na ugali wa watoto wangu.

Aliyeniamsha ni Mama Riziki, mfanyakazi mwenzangu, Mkongo wa Bukavu. Alinikuta nimelala mchana na nguo za jana.

"Unalia ya nini sasa?" akasema. "Weye si ulisema ule maman anaongea? Basi aongee! Uende kwa syndicat, uombe interprète. Anasema, ni beye njo habasikiye."

Yaani niende chama cha wafanyakazi niombe mkalimani; bibi anasema, wao ndio hawasikii. Nikakaa kitandani.

Nilipofika nchi hii mimi mwenyewe nilipewa tolk, yaani mkalimani, hata kwa jino lililotoboka. Kila mgonjwa ana haki hiyo. Na yule bibi kalala wodini wiki tatu akiongea lugha kamili, hakuna aliyewaza kumletea mtu wa kumsikia, kwa kuwa mtoto wake yupo. Mtoto ambaye Kijapani hajui hata kuhesabu!

Nilikwenda chama cha wafanyakazi. Yule mwakilishi, kibibi kimoja cha Kiswidi kifupi hivi, kikali kama pilipili ya mbuzi, kikaandika hapo hapo barua ya kumdai mkalimani.

Siku ikapangwa. Tulikuwa wodini mimi, kibibi changu, Lena, muuguzi, na Johan. Tolk alikuwa kwenye simu, sauti ya mama mtu mzima, spika imewekwa juu ya blanketi.

Johan alikuja na picha kwenye mfuko wa plastiki wa dukani. Ameikunja kwa kuibana kama karatasi ya kufungia karanga, katikati ameivalisha rababendi.

Bi Setsuko aliiona. Mkono wake usiopooza ukanyanyuka. Akasema kitu kwa ukali.

Simu ikasema, "Anauliza, nani ameifunga hivyo?"

Johan akawa mwekundu mpaka masikio.

Muuguzi akauliza kama picha ni yake. "Anasema, ilikuwa ya baba yake. Alikuja nayo Sweden." Nani aliishusha ukutani? Bibi akanyoosha kidole kwangu. "Anasema, huyo. Anasema, nilimwagiza mimi, msimu ulikuwa umekwisha."

Lena akainamia daftari lake ghafla, ana mengi ya kuandika.

Johan hakukubali. "Na ile ya mlima wenye theluji? Muulize."

Bibi akamgeukia mwanawe. Akajibu taratibu.

"Anasema, ile ilikuwa kalenda ya jikoni."

Mimi nilitaka kucheka, Mungu anisamehe. Lakini simu ikaendelea: "Anasema, ulipokuwa mdogo ulipenda kuiangalia ukila. Kwa hiyo mwaka ulipoisha hakuitoa."

Kisha bibi akasema maneno machache tu, na yule mkalimani akayatoa. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Anasema, mwambie mwanangu, siku zote hizi nilikuwa namwita."

Johan akatoka kwenda koridoni.

Nikaenda kuosha mikono. Nikaikausha sawasawa. Nikaitoa ile rababendi, nikaitandaza picha juu ya meza ya wagonjwa. Ilikuwa na mikunjo miwili mipya, mmoja umepita juu ya daraja, hapo hapo alipo yule mzee. Nikaanza upya kutoka chini, polepole, bibi akinielekeza kwa kidole kile kile. Nilipofunga uzi akafumba macho.

Mnataka kujua kama niliombwa radhi?

Lena alisema, "Jambo limefungwa. Lakini siku nyingine uandike." Nikarudi kazini Jumatatu. Hakuna kikao, hakuna barua ya kunisafisha, na wale wa kanisani waliobeba habari ya mwizi hakuna hata mmoja aliyebeba habari ya kalenda. Uongo una miguu mingi, jamani.

Johan wiki iliyofuata alinitumia meseji. Namba yangu sasa kaiona kwenye friji! Anaomba nimrekodie video jinsi ya kukunja.

Nikamjibu: "Njoo wodini, uniombe radhi mbele ya mama yako, nitakufundisha kwa mikono yako mwenyewe."

Akajibu neno moja: "Jaha." Hilo ni neno la Mswidi ambaye hana mpango wa kusema chochote. Mpaka naandika uzi huu hajaja. Bi Setsuko yupo bado, siku hizi tolk anapigiwa mara mbili kwa wiki, na amemwambia muuguzi picha itatundikwa tena majani yakipukutika na atakayeitundika ni mimi. Nasubiri.

Nilichojifunza: kwanza, andika. Ukishusha picha andika, ukifungua dirisha andika, ukipiga chafya kwenye nyumba ya mtu andika. Huku asiye na maandishi hana mdomo.

La pili ndilo linaloninyima raha. Jina langu liliokolewa na lugha ambayo mtoto wa pale hakuijua. Angeijua, mama yake angemwambia siku ya kwanza, na mimi nisingelala mchana na nguo za jana. Tunamcheka Johan hapa, lakini majumbani mwetu tunazungumza Kiswahili na watoto wanajibu Kiswidi, tunasema ah, si wanaelewa. Yeye pia labda mama yake alisema ah, anaelewa.

Wenye uzoefu wa kazi hizi za wazee, na mnaolea watoto ughaibuni, tiririkeni. Wa kunitukana pia mje, nimeshazoea. Ila kabla hamjaanza niwape la jana.

Neema wangu ana miaka kumi na miwili. Tulikuwa jikoni, nikamuuliza: "Mwanangu, siku nikianguka, Kiswidi kikanitoka, nikabaki na Kiswahili peke yake, utafanyaje?"

Akanijibu kwa Kiswidi kwamba niache, sitaugua.

Nikamwambia, "Hapana. Nijibu kwa Kiswahili."

Akaweka simu mezani. Akafikiri kweli kweli, midomo inatafuta, nikaona anajitahidi mwanangu. Kisha akasema:

"Mimi... nita... nitaita tolk."